Nilitaka Bafu Linalong'aa

Jambo ninalowaandikia leo nimekaa nalo moyoni muda mrefu, maana kulieleza ni kama kujivua nguo mbele za watu. Lakini kila ninapoalikwa kwenye nyumba mpya hapa Iringa, nikaonyeshwa bafu lenye marumaru nyeupe zinazong'aa kama sahani, moyo wangu hunidunda. Nimeona ni heri nisemwe mimi kuliko mama wa mtu mwingine aanguke.

Nyumba yetu iko Ipogolo. Wanaopafahamu wanajua kwamba sisi tuko bondeni, chini ya mji wa Iringa, mahali inapopita barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia. Ukitaka kwenda mjini unapanda kilima. Mto Ruaha Mdogo hauko mbali nasi, na usiku mzima tunasikia malori yakibadili gia. Mume wangu ni dereva wa malori hayo hayo, na mara nyingi yuko njiani kwenda Tunduma au kurudi. Nyumba aliijenga baba mkwe wangu, tofali moja baada ya jingine, naye sasa ametangulia mbele za haki. Mama mkwe, mwenyeji wa Kilolo, anaishi nasi.

Bafu alilotuachia baba mkwe lilikuwa la kawaida sana. Lilikuwa na upana wa futi tano na urefu wa futi sita, sakafu ya saruji iliyopigwa niru, nyeusi kwa umri, na tundu la maji katikati. Wenyewe tulioga kwa ndoo na kopo, na baadaye mume wangu akafunga bomba la mvua. Mama mkwe alikuwa akiiita sakafu ile "ungo", kwa sababu kutoka kuta zote nne ilishuka kidogo kidogo hadi kwenye tundu, kama ungo wa kupepetea mahindi. Ukimwaga kopo la maji kwenye pembe yoyote, kabla hujageuka limekwisha kushuka. Mimi sikuyaona hayo. Nilichokiona ni weusi wake, nami niliuonea aibu.

Maneno ya Fundi

Mwezi Novemba binti yetu mkubwa alikuwa anapata Kipaimara. Wageni walikuwa wanatoka Kilolo, Makambako na Dar es Salaam. Tulikuwa tumetandika marumaru sebuleni, zikabaki boksi nne. Zilikuwa kubwa, nyeupe, laini, unaweza kujitazama uso. Nikasema moyoni, hizi zitatosha bafu.

Fundi alikuwa kijana wa Kihesa, mpole, ndiye aliyetengeneza sebule na kazi yake ilikuwa safi. Akaingia bafuni, akachuchumaa, akapapasa sakafu kwa kiganja.

"Mama, hizi ni za sebuleni," akasema. "Zikilowa maji na sabuni zinateleza."

"Tutaweka mkeka wa mpira," nikamjibu.

"Na sakafu hii ina mteremko wa pande nne. Marumaru kubwa namna hii haikunji. Itabidi nizikate kuanzia kwenye pembe za chumba kuelekea kwenye tundu, kama mikunjo ya bahasha. La sivyo zitanyanyuka."

"Usinikatiekatie marumaru zangu! Sawazisha sakafu iwe kama meza, halafu tandika."

Kijana akakuna kichwa. "Maji yatakwenda wapi, mama?"

"Tundu si lipo? Yatakwenda kwenye tundu."

Akajaribu tena. Akaniomba nimwongezee siku na mifuko miwili ya saruji, na tutafute marumaru ndogo zenye kukwaruza, afanye kazi kama inavyotakiwa. Zilikuwa zimebaki siku nne tu. Nikamwambia kama hawezi, mafundi ni wengi mjini. Hapo akanyamaza, akaenda kuchanganya saruji.

Wakati tunasemezana, mama mkwe alikuwa kibarazani akichambua maharage. Hakuinua kichwa chake.

Siku ya Kipaimara bafu lilikuwa linang'aa. Akina mama wa jumuiya yetu walilisifu, mmoja akasema ni kama hoteli za Dar. Nikubali mbele zenu na mbele za Mungu kwamba siku ile niliuacha mlango wa bafu wazi makusudi, ili kila anayepita koridoni aone.

Maji Yalipokosa Njia

Haukupita mwezi nikaanza kuona dimbwi dogo karibu na mlango. Kila mtu akimaliza kuoga, maji yalibaki pale kama yaliyofungiwa. Nikawaambia watoto wayasukume kwa fagio la mpira hadi kwenye tundu. Siku nyingine walifanya, siku nyingine walisahau. Maji ya sabuni yakikauka juu ya marumaru yaliacha utando usioonekana, na anayefuata akimwaga maji, utando ule unakuwa kama mlenda.

Baadaye viungo kati ya marumaru vikaanza kuwa vyeusi. Rangi ya ukuta wa chumba cha jirani ikavimba na kubanduka chini karibu na sakafu. Harufu ya unyevunyevu ikaingia hadi kwenye mashuka. Wakati ule sikujua, lakini sasa najua: marumaru yenyewe haipitishi maji, lakini ile saruji ya kuziba viungo, ambayo mafundi wanaiita grauti, inapitisha kidogo kidogo. Maji yakituama juu yake mchana na usiku, yanashuka chini, na kama chini hakuna kizuizi wala mteremko, yanakaa humo humo.

Nilifanya nini? Nilimlaumu fundi. Fedha yake ya mwisho, ambayo nilikuwa sijammalizia, nikaizuia. Na baya zaidi, nilimsema kwenye jumuiya. Tulipomaliza sala, tukinywa chai, nikasema, "Yule kijana ameniharibia bafu, msimpe kazi." Dada mmoja aliyekuwa amepanga kumpa nyumba yake nzima akampa mtu mwingine. Nilisikia, nikajiona nimemsaidia.

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi Februari, alfajiri, mvua imenyesha usiku kucha. Nilimpashia mama mkwe maji kwenye jiko la mkaa, nikamwekea bafuni, nikarudi jikoni. Kwanza nilisikia sauti ya kopo likianguka. Halafu nikasikia sauti nyingine, nzito, ambayo hata leo nikiikumbuka usiku nashtuka.

Nilimkuta ameketi kwenye maji ya sabuni, mgongo umeegemea ukuta, mkono wa kulia ameushika kwa wa kushoto. Nikapiga kelele kuita watoto. Akanikatiza, sauti yake ndogo lakini thabiti:

"Usiwaite watoto. Nipe kwanza khanga yangu."

Hospitalini walikuta mfupa wa mkono umevunjika, karibu na kiganja. Alifungwa plasta ngumu, akaambiwa akae nayo wiki sita. Daktari alituambia kwamba mzee anapoteleza hutanguliza mkono ili ajizuie, ndiyo maana mfupa ule huvunjika mara nyingi. Akasema tumshukuru Mungu haikuwa nyonga, maana mzee akivunjika nyonga, wengine hawasimami tena.

Jioni mume wangu akapiga simu kutoka Tunduma. "Imekuwaje?" akauliza. Nikamjibu, "Si yule fundi, alituharibia sakafu." Nilipokata simu nikageuka. Mama mkwe alikuwa amelala kwenye mkeka, macho wazi.

"Mwanangu," akasema, "nami nilikuwepo kibarazani."

Hakuongeza neno. Aligeukia ukutani akalala.

Gololi ya Mwanangu

Kwa wiki zile mama mkwe hakuweza kujiogesha. Alikataa kabisa kuingia bafuni, nami sikumlazimisha. Nilikuwa nikimwogesha chumbani kwake, kwenye beseni, mlango umefungwa, plasta imefunikwa kwa mfuko wa nailoni usilowe. Wenzangu mnajua kwetu mkwe kumwogesha mkwe ni jambo zito. Alifumba macho, nami niliinamisha yangu. Mgongo ule uliombeba mume wangu shambani Kilolo nikausugua kwa mkono ule ule uliokataa mifuko miwili ya saruji.

Siku moja nikamkuta mwanangu wa mwisho, mwenye miaka tisa, amepiga magoti bafuni na gololi yake. Nikataka kumfukuza. Akasema, "Mama, tazama." Akaiweka gololi kando ya tundu. Gololi ikakaa kidogo, ikaanza kutembea, ikalipa tundu kisogo, ikaenda moja kwa moja hadi pembe ya mlango, pale pale bibi yake alipoangukia. Akairudisha. Ikaenda kule kule.

"Maji yanafanya hivi hivi," akasema.

Nilikaa kwenye kizingiti nikalia. Mtoto alidhani nimekasirikia gololi.

Usiku ule nikafungua Biblia. Kuna sheria moja katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8, ambayo niliwahi kuisoma nikaipita haraka, nikidhani haituhusu. Zamani zile dari za nyumba zilikuwa bapa na watu walitembea juu yake. Basi Musa aliwaagiza watu kwamba anayejenga nyumba mpya azungushie dari yake ukuta mfupi, mtu asije akaanguka na mwenye nyumba akawa na hatia ya damu. Nikaisoma mara tatu. Kumbe Mungu ametazama hata namna ninavyojenga. Haulizi tu kama nyumba yangu inapendeza, anauliza pia kama mgeni na mzee wako salama ndani yake. Na hatia akaiweka kwa mwenye nyumba.

Kuomba Radhi

Mume wangu aliporudi safari, nilimwandalia chakula, akala, kisha nikamweleza yote tangu mwanzo: marumaru za sebuleni, maneno ya fundi, na jinsi nilivyomjibu. Nikamweleza pia uongo wangu wa kwenye simu. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akachukua tochi, akaenda bafuni, nikamsikia akigongagonga sakafu kwa kisigino. Aliporudi alisema neno moja tu: "Tutavunja."

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi. Jumapili ile nilikuwa na bahasha ya sadaka mkononi, nikakumbuka kwamba Bwana wetu alifundisha mtu apatane kwanza na ndugu yake ndipo alete sadaka. Sikusubiri tena. Jumatatu asubuhi nikapanda daladala hadi mjini, nikaulizia, nikamkuta yule kijana kwenye nyumba ya mtu, amejaa saruji mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo mama," akaniamkia, kama vile sikuwahi kumkosea.

"Marahaba, mwanangu." Nikamkabidhi fedha yake niliyoizuia. Nikamwambia mama yetu ameanguka, na kosa ni langu, na kwamba nimemchafulia jina, nami nitakwenda kulisafisha mahali pale pale nilipolichafua.

Aliangalia zile noti, akazikunja polepole. "Pole kwa bibi," akasema. "Lakini mama, hata mimi nina kosa. Nilijua, nikafanya. Niliogopa kukosa kazi." Akafikiri kidogo. "Mkitaka nirudi nitarudi. Ila safari hii ukiniambia niache mteremko, mimi nafunga mfuko wangu naondoka."

Nikacheka na machozi yananitoka. Alhamisi iliyofuata nilisimama kwenye jumuiya nikayasema yote. Haikuwa rahisi, na wapo walioinamisha vichwa. Yule dada hakuweza kumrudishia kazi, maana nyumba ilikwisha kuanza na fundi mwingine. Maneno yangu yalikuwa yamekwisha kumnyima kijana mkate, na hilo sikuweza kulirudisha. Nawaambia hili wazi, wapendwa, tusidhani kwamba kuomba radhi hufuta kila kitu.

Sakafu ya Pili

Safari hii nilisimama kando, nikauliza, nikajifunza. Nawaandikia nilichokiona, ili mama yeyote anayejenga ajue cha kudai na asimharakishe fundi wake.

Kwanza walivunja marumaru zote na ule udongo wa saruji uliosawazishwa. Chini yake ikatokea sakafu ya baba mkwe, bado imara, bado ungo. Mume wangu akaiangalia bila kusema kitu. Kwa kuwa niru ni laini na saruji mpya haishiki juu yake, waliichanja yote kwa patasi na nyundo, wakafagia vumbi, wakailowesha.

Pili walishughulikia tundu. Chini ya tundu kuna bomba lililokunjwa ambalo hubaki na maji kidogo ndani yake, mafundi wanaliita trapu. Maji yale ndiyo yanayozuia harufu na wadudu wa shimo la maji machafu wasipande ndani. La kwetu lilikuwa limejaa saruji iliyodondoka. Wakaweka jipya, wakamwaga ndoo nzima kuhakikisha maji yanafika shimoni bila kusita.

Tatu ni mteremko, na hapa ndipo penye moyo wa kazi yote. Kipimo chake ni robo inchi kwa kila futi moja, yaani kama sentimita 2 kwa kila mita. Kwetu, kutoka pembe ya mbali hadi kwenye tundu ni karibu futi nne, kwa hiyo pembe iko juu ya tundu kwa inchi moja. Inchi moja tu, wapendwa! Kwa inchi moja mama mkwe amevunjika mkono. Ukipunguza sana maji yanatuama, ukizidisha sana mzee anasimama kama aliye mlimani. Fundi alitumia mpira mweupe uliojazwa maji, akaweka alama kwenye kuta zote nne kwa kimo kimoja, kisha akavuta kamba kutoka kila alama hadi mdomo wa tundu. Akachanganya ndoo moja ya saruji kwa nne za mchanga uliochekechwa, na maji machache, kiasi kwamba ukifinyanga tonge kiganjani linashikana bila kuchuruzika. Akajaza akifuata kamba, akikagua kwa ubao ulionyooka na pima maji.

Mteremko lazima uwe kwenye saruji ya chini. Usikubali fundi akuambie atauweka kwa kuongeza gundi chini ya marumaru. Gundi nene hukauka kwa kusinyaa na marumaru hubaki zikilia tupu ukizigonga.

Baada ya hapo tulisubiri. Wiki nzima sakafu ilifunikwa kwa magunia, nasi tukayalowesha asubuhi na jioni, maana saruji inayokauka haraka hupasuka. Ndipo wakapaka dawa ya kuzuia maji kwa brashi, mara mbili, wakabandika kitambaa cha wavu kwenye kona ambapo sakafu hukutana na ukuta. Dawa ilishuka hadi ndani ya mdomo wa tundu, na ikapanda ukutani hadi juu ya kichwa upande ule wa bomba la mvua.

Ilipokauka, fundi akaziba tundu kwa kitambaa ndani ya mfuko wa nailoni, akajaza maji sakafuni, akaweka alama ya penseli ukutani. Tukayaacha usiku na mchana, saa 24. Kesho yake maji yalikuwa pale pale kwenye alama, na ukuta wa chumba cha jirani ulikuwa mkavu. Akina mama, jaribio hili halina gharama isipokuwa maji. Dai lifanyike kabla marumaru haijabandikwa, kwa sababu baada ya hapo utakuwa unavunja.

Ndipo marumaru zikaja. Safari hii zilikuwa ndogo, za inchi mbili, za rangi ya mchanga, zenye kukwaruza, zilizobandikwa pamoja kwenye wavu. Marumaru ndogo hufuata mteremko bila kunyanyuka, na viungo vyake vingi hushika kisigino. Zikikosekana dukani, nunua zile za sakafuni zenye kukwaruza, fundi azikate vipande. Na asikwambie mtu kwamba marumaru ya ukutani ni sawa na ya sakafuni. Ya ukutani hufanywa laini ili isafishike, haikufanywa ikanyagwe na mguu wenye sabuni. Fundi alihakikisha gundi imejaa chini ya kila kipande, na kifuniko cha tundu kiko chini kidogo ya marumaru, maji yasikutane na ukingo. Kesho yake akaziba viungo.

Mwisho mume wangu aliomba kitu kimoja. Wakatoboa ukuta na kufunga chuma cha kushikilia, imara, usawa wa kiuno cha mama yake.

Ungo

Kabla mtu yeyote hajaoga, mwanangu aliingia na gololi. Akaiweka kwenye pembe ya mlango. Ikajikwaa kwenye viungo, ikayumba, ikashuka hadi kwenye kifuniko, ikatulia. Akaiweka pembe ya pili, ya tatu, ya nne. Fundi alisimama mlangoni amekunja mikono, anatabasamu kama mtu aliyefaulu mtihani.

Mama mkwe alitolewa plasta mwezi Aprili. Mkono umepona, ingawa kwenye baridi ya Juni na Julai humuuma, na kusuka ukili kama zamani hawezi tena. Siku ya kwanza nilimpelekea maji bafuni, nikataka kubaki naye. Akanitoa. Nikasimama nje ya mlango, mkono kwenye kitasa, nikisikiliza. Nilisikia kopo likichota. Nikasikia maji yakimwagika, kisha yakishuka tunduni kwa mlio ule wa koo linalomeza. Kila alipomwaga yalimeza, na baada yake kukawa kimya, hakuna kilichobaki.

Alitoka amejifunga khanga, mkono mmoja bado umeshika chuma, nyayo zake zimekauka.

"Ni ungo," akasema, akapita kwenda kuota jua.

Bafu langu sasa halijaitwa hoteli na mtu yeyote. Rangi yake ni ya mchanga wa Ruaha, na wageni wakipita koridoni hawageuzi shingo. Mlango nimeufunga. Lakini mama msomaji, kama unajenga au unakarabati, kabla hujauliza marumaru ya rangi gani inapendeza, chukua ndoo ya maji umwage kwenye pembe ya bafu lako, kisha simama uangalie yanakwenda wapi. Fikiri ni nani atakayekanyaga pale akiwa peke yake, mlango umefungwa, bila nguo, na nguvu zake zimepungua. Na fundi wako akikuna kichwa, msikilize.

Mungu azibariki nyumba zenu na wazee walio ndani yake.